Bei ya Mpira wa Mashine ya Baba

Juzi pampu yangu ya kumwagilia mchicha iligoma, nikaenda kununua mpira wa mafuta. Kijana wa dukani akavuta mviringo mweusi kutoka chini ya meza, akakata kipande kwa kisu, akanipa ninuse kama nilivyomwomba. Alicheka sana, hajawahi kumwona bibi mzima akinusa mpira. Nikamuuliza bei, akataja, nikalipa pale pale. Hapo ndipo alipoacha kucheka, maana mteja asiyeomba kupunguziwa humtia muuzaji wasiwasi. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi bei ya mpira wa mafuta siibishii." Nikatoka na kipande changu mkononi, na harufu yake ikanifuata mpaka nyumbani.

Watu wengi hudhani mpira wa mafuta hunuka petroli. Petroli huja baadaye, mpira ukishaanza kazi. Ukiwa mpya hunukia kiatu cha raba kilichotolewa kwenye karatasi leo, na ukiuweka karibu zaidi na pua kuna kaukali kanakokaribia pilipili manga. Ninyi mliokua na wazazi wenye mashine ya aina yoyote, iwe ya kusaga au ya boti, mtanielewa. Wengine nivumilieni, kwa sababu harufu hiyo kwangu ni harufu ya mwaka mmoja tu, mwaka ambao mama yangu hakuwepo nyumbani.

Tulikaa Msanga Mkuu, ng'ambo ya maji kutoka Mtwara mjini. Baba alikuwa na boti ya mbao yenye mashine ya kupachika nyuma, akivusha watu na vikapu vyao vya muhogo, kuku, pweza waliokaushwa, na mara moja moja bibi harusi na magodoro yake. Mashine za boti siku hizo zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Wavushaji wengine walipiga kasia na jasho liliwatoka, baba akiwapita ameshika usukani kwa mkono mmoja na kofia kwa mkono wa pili. Watu walimwita Bwana Mashine, naye hakuwahi kumkataza mtu.

Tangi la petroli lilikaa sakafuni mwa boti, mashine ikakaa nyuma, na kati ya hivyo viwili ulipita mpira mweusi wenye kibofu katikati. Kabla ya kuwasha, ilibidi mtu akibinye kibofu mpaka kiwe kigumu, ndipo mafuta yafike kwenye mashine. Kazi ya kubinya ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemwona mama akimchinja jogoo na kutuonyesha moyo wake, nikaamini kwamba kile kibofu ndio moyo wa boti, na kwamba nisipoubinya mimi, boti haipumui. Baba hakunisahihisha. Alisema tu, "Binya, mwanangu, abiria wanasubiri."

Mpira ulipozeeka ukaanza kupasuka kama kisigino cha mkulima. Baba akauzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, akakaza kwa waya. Sasa mtu yeyote aliyeishi na mashine anajua kuwa petroli na tyubu havipatani. Tyubu ikilowa petroli huvimba na kulegea, na mpira huanza kunyonya hewa badala ya mafuta. Baba alilijua hilo kuliko mimi ninayelieleza. Lakini tyubu ilikuwepo nyumbani, mpira ulikuwa dukani, na siku zikaenda.

Dukani kwenyewe palikuwa Rahaleo, barazani kwa Biti Sefu. Huyu alikuwa mjane wa Kiyao, mnene, mwenye meno machache na sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili. Mumewe alikuwa fundi mitambo tangu enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, na alipofariki alimwachia mkewe chumba kizima cha vyuma, skrubu, vibanio na mipira. Biti Sefu aliupima mpira kwa mkono wake, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa mfupi aliongeza shubiri juu yake, asije akadaiwa huko mbele ya haki. Bei yake mji mzima uliijua: mkono mmoja wa mpira ni bei ya kuku mmoja. Kuku wakipanda sokoni, mpira unapanda. Kuku wakishuka, unashuka. Alisema bei ya kuku inajulikana na kila mwenye akili, kwa hiyo hakuna atakayesema amepunjwa na Biti Sefu.

Baba alikuwa Mmakonde, na Wamakonde na Wayao ni watani, kwa hiyo wale wawili hawakuwahi kuamkiana kwa adabu hata siku moja. Baba akifika tu, Biti Sefu alianza: "Funga milango, jamani, mla panya amekuja!" Baba akajibu, "Nyie mliuza babu zetu, leo mmeishiwa mmebaki kuuza mipira." Majirani walicheka, mimi nilicheka, na baada ya matusi ya kutosha tulipewa karanga tukale njiani. Nilipokuwa mdogo kabisa nilidhani wanachukiana. Baadaye nikajua ni utani, lakini sikujua utani una kazi gani zaidi ya kuchekesha.

Mdogo wangu aliitwa Hamisi. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusimama kwa kushika ukuta, na kila aliposimama aligeuka kutuangalia kama tumeona. Homa ilimshika asubuhi moja, mpaka adhuhuri macho yakawa yanakwenda juu. Mama akamfunga kwenye kanga, tukaingia botini sisi wanne peke yetu, twende hospitali ya mjini. Nilibinya kibofu, mashine ikawaka vizuri, tukaondoka. Katikati ya maji ikakohoa. Baba akainama akakaza waya wa tyubu, ikawaka, ikakohoa tena, ikazima. Nilibinya mpaka vidole vikaniuma, kibofu kikabaki kilaini, na mapovu madogo yakawa yanatoka pale penye tyubu. Baba alivuta kamba ya kuwashia mpaka kiganja kikatoka damu, kisha akashika kasia. Maji yalikuwa yanakupwa kwa kasi, yakitusukuma nje ya njia yetu. Mama alimpepea Hamisi kwa ncha ya kanga muda wote, na alipoacha kumpepea tulikuwa tumekaribia gati.

Muuguzi wa hospitali alikuwa mtu mwema. Alisema homa ilikuwa imeshapanda kichwani, na kwamba watoto wengine huletwa wakiwa hivyo na hawaponi hata wakiwahi. Nakumbuka kwamba baba alimuuliza, "Hata wakiwahi?" Muuguzi akasema, "Wengine, bwana." Baba akauliza tena vile vile, akajibiwa vile vile.

Baada ya arobaini mama alikwenda kwao Msimbati. Wajomba zangu walikuja kumchukua, kwa heshima, bila ugomvi, wakasema anakwenda kupumzika. Mimi nilibaki na baba. Mwezi ukaisha na mama hakurudi. Nilipomuuliza baba lini tutamfuata, alisema, "Nikipata mpira wa mashine, mwanangu, nitamfuata mama yako." Boti ilikuwa imepinduliwa pwani tangu siku ile. Kwa hiyo mimi, kwa akili yangu ya kitoto, nilielewa jambo moja wazi kabisa: kati yangu na mama palikosekana mkono mmoja wa mpira mweusi.

Tukaanza kuutafuta. Tulivuka kwa mtumbwi wa makasia, Bwana Mashine amekaa katikati ya vikapu vya wanawake, na wavushaji walikuwa na huruma hawakumtania. Duka la kwanza lilikuwa la mzee wa Kihindi aliyefunga miwani yake kwa uzi. Baba akauliza bei ya mpira. Mzee akataja. Uso wa baba ukaanguka.

"Hakuna mwingine?" akauliza.

"Mwingine vipi?"

"Wa bei nyingine."

Mzee akaingia ndani, akatoka na kipande kilichopauka kidogo. "Huu umekaa sana, lakini mzima. Chukua kwa nusu bei, Bwana Mashine. Nimesikia msiba wako."

"Nusu?" baba akasema, akashika ukingo wa meza. "Nusu ya ile?" Kisha akanishika mkono tukatoka, na nje akasema neno moja tu, "Ghali."

Basi nikajua kwamba sisi ni maskini. Sikuwa nimelijua hilo kabla. Niliacha kuomba sukari kwenye uji, nikaacha kuomba andazi, nikidhani hivi vitu vidogo vidogo vikijumlishwa vitakuwa mpira. Tulikwenda kwa fundi mmoja Mikindani, baba akauliza, akatajiwa, uso ukaanguka, "Ghali." Tulikwenda dukani karibu na soko, ikawa vile vile. Jioni moja nilimwomba mwalimu wetu wa chuo cha Kurani anifundishe dua ya kushusha bei. Akasema, "Omba mwenyewe, Mungu anajua Kiswahili." Nikaomba kwa Kiswahili, kila baada ya swala, tena kwa kumtajia Mungu mpira ni upi, ule mweusi, si wa maji, maana wa maji ukitiwa petroli unaharibika.

Na Mungu akasikia. Meli ilileta mzigo, mipira ikajaa mjini, bei ikashuka kila mahali. Nilizipata habari hizo kwa mchukuzi mmoja pwani, nikakimbia mpaka nyumbani. Baba alikuwa anakula. "Baba, mpira umeshuka! Umeshuka sana!" Aliweka chini tonge alilokuwa amelishika, akanawa, akatoka nje, akakaa nyuma ya nyumba mpaka chakula kikapoa. Hapo nilimkasirikia. Nilisema moyoni kwamba baba yangu ni bahili, kwamba anapenda hela kuliko mama, na kama ningekuwa na nguvu ningemfuata mama mwenyewe.

Kwa Biti Sefu ndiko hatukwenda. Nilipomtajia baba alisema, "Yule ana maneno mengi." Nikadhani siku hizi matusi yanamuuma. Lakini siku moja tulipotoka tena kwenye duka fulani mikono mitupu, nilikaa chini katikati ya barabara. Nilisema sivuki maji tena bila mpira, nitalala hapo hapo, gari likinikanyaga linikanyage. Watu wakasimama. Baba aliniinua mara ya kwanza, nikalegea kama gunia; akaniinua tena, nikalegea. Akaangalia huku na huku kwa aibu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Haya, inuka. Twende Rahaleo."

Biti Sefu alikuwa barazani, ametandaza vyuma vyake juu ya mkeka. Alituona tangu mbali.

"Loo, Mmakonde huyo! Nilidhani samaki wamekumeza, kumbe wamekuonja wakakutema!"

Baba hakujibu. Mtani asipojibu, utani hufa pale pale, na sijawahi kuona Biti Sefu akikosa la kufanya na mikono yake kama siku ile. Alipanga skrubu ambazo zilikuwa zimepangika. Kisha akanigeukia mimi.

"Na huyu mjukuu wangu mbona amebaki mifupa? Shikamoo haipo?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mnataka nini?"

"Tunataka mpira wa mashine, bibi. Tukipata mpira tutamfuata mama. Lakini baba anasema ghali."

"Ghali? Kwangu mie?"

"Kote, bibi. Hata kwa nusu bei ghali. Hata sasa umeshuka, bado ghali."

Nilimwona akimtazama baba usoni. Kisha akaingia ndani, akatoka na mviringo wa mpira, mpya kabisa. Akanipa ninuse. Akaupima kwa mkono wake, kiwiko mpaka kidole, akaongeza shubiri, akashika kisu bila kukata.

"Haya, mtani. Kwa kuwa ni wewe, leo bei imepanda. Nataka boti yako, nataka na mashine yake, nataka na kofia uliyovaa."

Mimi nilianza kucheka. Hata mtoto wa chuo alijua jibu la maneno hayo. Ulitakiwa umwambie, na wewe nipe nyumba yako na meno yako yaliyobaki, kisha nyote mcheke, kisha mseme bei ya kweli. Nilingoja baba aseme hivyo.

Baba akasema, "Haya."

Akavua kofia yake, akaiweka juu ya mkeka, kati ya vibanio na skrubu. "Boti iko ng'ambo. Nitakuletea kesho." Na uso wake haukuanguka. Tangu tuanze kuzunguka madukani, hiyo ndiyo bei ya kwanza ambayo haikumwangusha uso. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

Biti Sefu aliweka kisu chini. "Mtani, vaa kofia yako."

"Umetaja bei. Nimekubali."

"Vaa kofia, mwanangu."

Hakuvaa. Biti Sefu akasogea kwa makalio mpaka ukingo wa mkeka, akawa karibu naye kabisa, na ile sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili ikawa ndogo, hata mimi niliyekuwa pale pale ilinibidi nisikilize.

"Wewe hutafuti mpira. Umezunguka mji mzima unatafuta mtu wa kukwambia kwamba ulikuwa ghali, usingeuweza. Maneno hayo sina mie. Nikikwambia ghali nitakuwa nimekudhulumu. Bei yake ni kuku. Siku ile ulipoushika mkononi, ukaurudisha hapa mkekani, ilikuwa kuku. Leo ni kuku."

"Kuku mmoja, Biti Sefu," baba akasema.

"Ndiyo."

"Kuku mmoja."

"Ndiyo, baba. Kuku mmoja. Na homa ilikuwa imeshapanda kichwani, muuguzi amesema, watu wote tumesikia. Pengine mngewahi, pengine msingewahi. Hilo silijui mie, nawe hulijui, wala hakuna duka linaliuza."

Baba akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata makaburini hakulia, na sikujua kwamba mtu mzima akilia mabega hutangulia. Biti Sefu alivua kanga yake ya juu, akamfunika kichwa na uso, akabaki na ile ya kiunoni tu na gauni lake la ndani mbele za wapita njia, na aliyegeuka kutazama alitukanwa kwa Kiyao. Mimi nilijua kabisa kilichotokea: yule bibi ametutajia bei ya kutisha, ametunyang'anya boti, amemliza baba. Nikaokota kofia mkekani, nikainyanyua ile kanga, nikamvisha baba kofia yake humo chini ya kanga. Nikamwambia Biti Sefu, "Hatuutaki mpira wako!" Hakunikaripia. Alinishika shavu.

Alipomaliza kulia, baba alijifuta na ile kanga, akairudisha. Biti Sefu akakata mpira. Baba akauliza, kwa sauti iliyokauka, anadaiwa nini.

"Unajua."

"Nilidhani labda leo utanipa bure."

"Bure sikupi. Nikikupa bure utakwenda kumlipa nani? Toa bei yake, iishe. Na kesho umpeleke mtoto huyu kwa mama yake, na hili ni la mtani, halina ubishi."

Baba akalipa. Tulipoondoka sikumpa Biti Sefu hata kwaheri, na kwa muda mrefu nilipokuwa nikiomba dua nilimwacha nje makusudi. Mpaka nilipojifungua wangu wa kwanza, akapata homa, nikakaa naye hospitali nikihesabu yote ambayo ningeweza kufanya mapema na sikufanya, ndipo nilipomwelewa. Ndugu wangemwambia baba vumilia, ndiyo kazi ya Mungu. Walishamwambia, tena wengi. Jirani asingeweza kuutaja mpira mbele yake. Mtani tu ndiye mwenye ruhusa ya kukwambia ukweli wako na kukuacha umesimama, na nadhani ndiyo maana wazee wetu walimweka.

Kesho yake asubuhi baba aliunganisha mpira mpya. Aliupuliza kwanza, ameziba upande wa pili kwa kidole, kusikiliza kama unavuja. Akakaza vibanio. Akaniambia, "Binya." Nikabinya, kibofu kikawa kigumu kama ngumi, mashine ikawaka mara ya kwanza ilipovutwa. Tulikwenda tukiiacha Msanga Mkuu nyuma, tukafuata pwani mpaka Mnazi Bay, Msimbati ilipo, na kutoka ng'ambo ya Ruvuma vikasikika vishindo vya vita vya wenzetu wa Msumbiji, ambavyo siku hizo tulivisikia kama watu wengine wanavyosikia radi. Baba hakushika kofia kwa mkono wa pili. Alikuwa ameushika mpira, njia nzima, pale ulipoingia kwenye mashine.

Mama alikuwa uani kwao, anamenya muhogo pamoja na mjomba wangu mkubwa, ambaye alikuwa mzee wa maneno machache na ndiye mwenye kauli juu ya dada zake. Nilimrukia mama, akanikumbatia na kisu bado mkononi. Alikuwa amekonda. Baba alisimama penye mlango wa ua hakuingia.

"Mpira ulipasuka," akasema.

Mama akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Na miguu nayo ilipasuka?"

Mjomba akaendelea kumenya. Mama akanitua, akaenda nyuma ya jiko, na baba akamfuata. Mjomba aliniambia nikae, nikakaa, lakini masikio yangu hayakukaa. Kwanza walisema polepole. Kisha sauti ya baba ikapanda: "Niliushika mkononi nikaurudisha! Ni mimi!" Na ya mama ikapanda juu yake, ikitetemeka: "Nani alikwambia urudishe? Nani alikwambia tyubu itatosha, kwanza tumshonee mtoto kanzu ya Idi? Ni mimi! Nimekaa hapa miezi yote naogopa utakuja kuniambia!" Baba akasema hapana, ni yeye. Mama akasema hapana, ni yeye. Wakawa wanarushiana hivyo, kila mmoja akimzidi mwenzake sauti, na mama alikuwa analia na baba pia.

Nikawaza, mambo yameharibika. Tumepata mpira, tumesafiri, na sasa wanagombana, mama hatarudi tena. Nikamkimbilia mjomba nikamvuta mkono. "Mjomba, waamue! Wanapigana!"

Mjomba alitega sikio. "Baba yako anasemaje?"

"Anasema ni yeye."

"Na mama yako?"

"Naye anasema ni yeye."

Mjomba akachukua muhogo mwingine, akaanza kuumenya. "Basi ingia ndani," akaniambia, "ukamfungie mama yako nguo zake."